Pora au tembe? Jinsi ya kumtambua kifaranga kabla hajakutia hasara

ASUBUHI ya siku ya soko mjini Kitale, si mbali na kituo cha matatu, hutakosa kumwona mtu aliyeweka chini katoni lenye matundu ubavuni na vifaranga wanaolia ndani yake. Muuzaji huapa kwamba hao ni kienyeji walioboreshwa, kwamba wote ni majike, kwamba wamekwisha kuchanjwa na kwamba wakitimiza miezi mitano watakuwa wakitaga. Mnunuzi, aghalabu mama aliyepokea zamu yake ya chama juma hilo, huchungulia, akachagua wenye rangi ya kumpendeza, akalipa na kupanda gari la kwenda Kiminini, Kimilili au Chwele.

Miezi minne baadaye boma zima linawika.

Kisa cha aina hii si kigeni kwa wafugaji wa Trans Nzoia na Bungoma, na wengi wao hukisimulia wakicheka, ingawa si jambo la kuchekesha. Hasara yake inahesabika. Kuku wa mayai hula kilo saba au nane za chakula tangu aanguliwe hadi anapokaribia kutaga yai la kwanza. Vifaranga 50, basi, humaliza zaidi ya magunia matano ya kilo 70. Iwapo nusu yao ni majogoo, mfugaji amelisha magunia mawili na nusu kwa ndege ambao hawatampa hata yai moja. Iwapo ni zaidi ya nusu, na hutokea, akiba ya chama imeyeyuka.

Hii haina maana kwamba jogoo hana thamani. Katika soko la Chwele jogoo aliyenona huuzwa ghali kuliko kuku jike, na msimu wa Krismasi unapokaribia bei yake hupanda zaidi. Kwa Wabukusu, na Waluhya kwa jumla, mgeni wa heshima hajapokewa ipasavyo iwapo hajachinjiwa kuku, na firigisi ina mwenyewe pale mezani. Zamani wanawake wa jamii nyingi za Kiluhya hawakuruhusiwa hata kuionja nyama hiyo, ijapokuwa wao ndio waliowalea kuku hao tangu wakiwa mayai. Tatizo ni kununua jogoo kwa bei na kwa jina la kuku wa kutaga.

Nidokeze hapa jambo la lugha, maana ni sehemu ya kazi yangu. Katika meza ya uhariri nimefuta mara nyingi maneno kama “kuku wa kike mdogo”, ilhali Kiswahili kina msamiati maridhawa wa ndege huyu. Jogoo mchanga ambaye hajaanza kuwika ni pora. Jike ambaye hajaanza kutaga ni tembe. Akianza kutaga huitwa mtetea, na akiwekwa kwa ajili ya kuzalisha ni koo. Waliobuni maneno haya walijua kwamba umri na jinsia ya kuku ni mambo yenye bei.

Yai halisemi

Wapo wanaoamini kwamba mchezo unaweza kuamuliwa mapema, kabla hata ya kuatamia. Yai lenye ncha kali, husema, hutoa jogoo, na la mviringo hutoa jike. Wengine hugeuza maneno hayo. Imani hii ni kongwe mno, kwani hata Aristotle wa Ugiriki ya kale aliandika kuhusu umbo la yai na jinsia ya kifaranga. Haina ukweli wowote. Umbo la yai hutokana na mfumo wa uzazi wa kuku aliyelitaga, na kuku mmoja hutaga mayai yanayofanana kwa umbo, wakatoka humo pora na tembe kwa takriban idadi sawa.

Kinachoamua jinsia ni kromosomu, na hapa ndege wametofautiana na binadamu. Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo inayoamua kama mtoto atakuwa wa kiume au wa kike. Kwa kuku, mama ndiye mwamuzi. Jogoo ana kromosomu mbili zinazolingana, ambazo wataalamu huziita Z na Z. Kuku jike ana Z moja na W moja. Yai likibeba Z ya mama, kifaranga atakuwa jogoo. Likibeba W, atakuwa jike. Jambo hili limekwisha kuamuliwa kabla yai halijatagwa. Msomaji aiweke kumbukumbuni kanuni hii, kwa sababu tutairejelea punde.

Kwa kuwa nafasi ni nusu kwa nusu, bahati mbaya hutokea, na ni vyema kujua mipaka yake. Mtu akinunua vifaranga kumi wasiochaguliwa, uwezekano wa kupata pora saba au zaidi ni takriban mara moja katika kila sita. Huo ni mkosi wa kawaida, na hakuna wa kulaumiwa. Lakini akinunua 50 na 43 kati yao wawe pora, hiyo si bahati mbaya tena. Mtu fulani, mahali fulani, aliwachagua kabla hawajaingia kwenye katoni.

Wanaojua siku ya kwanza

Katika viwanda vya kutotoa vifaranga, kuchagua ni kazi ya kila siku, na njia kuu ni tatu.

Ya kwanza ni kukagua tundu la nyuma la kifaranga. Wajapani ndio walioifanyia utafiti mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwemo Kiyoshi Masui, na mnamo 1927 wakaitangaza kwa walimwengu katika kongamano la kimataifa la ufugaji wa kuku mjini Ottawa, Kanada. Mchaguzi aliyehitimu huweza kupitisha zaidi ya vifaranga 1,000 kwa saa na kukosea wachache tu katika kila mia. Anachokitafuta ni kijinyama kidogo mno, na vifaranga wengine wa kike huwa nacho pia kwa umbo tofauti kidogo. Huhitaji miezi mingi ya mafunzo. Mfugaji wa nyumbani asijaribu. Atakachofanikiwa kufanya ni kuwapasua matumbo vifaranga wake.

Ya pili ni bawa. Picha za video za njia hii zimesambaa sana katika simu. Kifaranga hufunuliwa bawa, na mtazamaji huambiwa kwamba iwapo manyoya ya safu moja ni marefu kuliko ya safu ya pili, huyo ni jike, na yakilingana, huyo ni pora. Wasichoelezwa watazamaji ni kwamba kanuni hiyo hufanya kazi kwa vifaranga ambao wazazi wao walipangwa makusudi: baba wa ukoo unaoota manyoya haraka, na mama wa ukoo unaochelewa. Tena huonekana katika siku mbili tatu za kwanza tu. Kwa kifaranga wa kienyeji aliyeanguliwa nyuma ya jiko huko Sirisia, urefu wa manyoya ya bawa haukuambii chochote kuhusu jinsia yake. Nimewaona watu wakiwagawa vifaranga wao kwa njia hiyo kwa uhakika mkubwa, na matokeo yakawa yale yale ambayo wangeyapata kwa kurusha sarafu.

Ya tatu ni rangi, na hii ndiyo inayomfaa mwananchi, kwa sababu haihitaji chombo wala mafunzo. Huhitaji tu kuwajua wazazi.

Turudi kwenye ile kanuni ya kromosomu. Baadhi ya jeni za rangi zimo ndani ya kromosomu Z. Baba humpa kila mtoto wake Z moja, awe pora au tembe. Mama humpa Z mwanawe wa kiume peke yake. Binti hupata W, ambayo haina jeni hizo. Kwa hiyo rangi ya aina hii iliyo kwa mama huwarithi watoto wa kiume na kuwaruka mabinti. Ukichagua mama mwenye rangi inayoishinda ile ya baba, watoto watajitenga wenyewe kwa rangi siku ya kuanguliwa.

Mfano mashuhuri ni jogoo mwekundu wa Rhode Island Red akipandishwa kwa kuku mweupe mwenye shingo ya madoa meusi, yaani Light Sussex. Vifaranga wa kiume hutoka wakiwa na rangi hafifu ya manjano, karibu na nyeupe. Wa kike hutoka wakiwa na rangi ya hudhurungi. Ukigeuza, baba akawa Light Sussex na mama Rhode Island Red, mpango umeharibika, na watoto wote watafanana. Kuku wa mayai wanaoitwa ISA Brown, ambao wamejaa katika mabanda ya nchi hii, wamejengwa juu ya msingi huo huo: tembe ni wa hudhurungi, pora ni wa manjano hafifu. Kwa hiyo mtu akikuuzia “ISA Brown majike” walio manjano, huna haja ya kungoja miezi minne. Jibu unalo mkononi.

Mfano wa pili ni wa mama mwenye manyoya ya mistari myeusi na myeupe, kama alivyo Plymouth Rock. Kuku wa mistari ya aina hii ni wengi katika maboma ya Bungoma, hata miongoni mwa wale tunaowaita kienyeji halisi. Mama wa mistari akipandwa na jogoo mwekundu au mweusi asiye na mistari, vifaranga wake weusi hujieleza wenyewe. Mwenye doa jeupe au la manjano juu ya utosi ni pora. Asiye na doa utosini ni tembe. Tahadhari ni mbili. Doa linalohesabika ni la utosini, kwa maana vifaranga weusi wengi huwa na weupe kidevuni na tumboni, nao huo hauna maana. Pili, vifaranga wenye rangi nyepesi huficha doa hilo, kwa hiyo kanuni isitumike kwao. Jogoo naye asiwe mweupe, kwani weupe wake huweza kufunika kila kitu.

Shangazi yangu, aliyefuga kuku Kimilili kwa muda mrefu, aliijua kanuni ya doa pasipo kusikia neno kromosomu. Aliwatenga wenye doa wangali wadogo, akawaita “wa kuuzwa”. Nilidhani ni ushirikina hadi niliposoma chuoni kwamba wanasayansi, miongoni mwao Reginald Punnett wa Cambridge, walikuwa wamelifanyia uchunguzi jambo hilo hilo mapema katika karne ya 20.

Lakini yeye alijua pia jambo ambalo wengi hulisahau: mpango huu haurudiwi. Watoto hao wakikua na kuzaana wao kwa wao, kizazi cha pili hakitenganishiki tena kwa rangi. Lazima kila mara urudi kwa mama wa mistari na baba asiye na mistari.

Manjano si aina

Sasa niseme la kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua vifaranga 100 wa manjano mjini Kitale, kwa muuzaji ambaye sitamtaja, nikiambiwa ni kuku wa nyama. Nia yangu ilikuwa kuwauza baada ya wiki sita. Nilifuata masharti yote. Niliweka taa na maranda, nikanunua chakula cha kuanzia, nikawafunika vyema, kwa maana Kitale imo takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na baridi ya Julai huko haina huruma kwa kifaranga. Wiki ya sita ilipotimia, hakuna hata mmoja aliyefika robo tatu ya kilo. Walikuwa warefu, wepesi, wenye vilemba vyekundu, na walikuwa wakipigana.

Nilikuwa nimenunua pora wa kuku wa mayai. Kiwandani, ndege hao ni mabaki: hawatagi, na hawanenepi haraka kiasi cha kufugwa kwa nyama. Katika nchi nyingi huuawa siku ile ile ya kuanguliwa. Ujerumani ilipiga marufuku mauaji hayo kuanzia Januari 1, 2022, na huko sasa jinsia hupimwa ndani ya yai kabla kifaranga hajatokea. Kwetu wengi wao huuzwa kwa bei ya chini, na hakuna ubaya wowote iwapo wameuzwa kwa jina lao. Ubaya huanza wanapobadilishiwa jina njiani.

Kifaranga wa manjano, kwa hiyo, anaweza kuwa wa nyama, anaweza kuwa pora wa kuku wa mayai, na anaweza pia kuwa wa kienyeji aliyejaliwa rangi hiyo. Kwa macho ya siku ya kwanza wanakaribiana mno. Aliyezoea atamtambua wa nyama kwa miguu minene na kifua kipana, lakini asiyezoea hana pa kulinganishia.

Kipimo ambacho ningalikitumia, na ambacho sasa nakipendekeza kwa kila anayeniuliza, ni mizani. Siku ya kwanza wote huwa na takriban gramu 40. Siku ya saba, wa nyama aliyelishwa vizuri hufikia gramu 150 na kupita. Wa mayai, awe pora au tembe, huwa na gramu 60 hadi 70 tu. Tofauti ni zaidi ya maradufu, na haihitaji mtaalamu. Watie vifaranga kumi ndani ya ndoo ndogo, uwapime kwa mizani ya dukani, utoe uzito wa ndoo, kisha ugawanye kwa kumi. Ukifanya hivyo ndani ya juma la kwanza, huenda muuzaji bado anapatikana.

Kienyeji ni nani?

Swali la aina ni gumu kuliko la jinsia, na sababu yake ni historia. Kuku wa kienyeji ndio wengi zaidi nchini. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya milioni 30. Hata hivyo, neno “kienyeji” halitaji aina moja. Hutaja mchanganyiko wa ndege wa karne nyingi, na mchanganyiko huo umeendelea kuchochewa hadi juzi.

Mwaka 1976 serikali ya Kenya, ikisaidiwa na ya Uholanzi, ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku, ambao sehemu yake ilikuwa kubadilishana majogoo: mkulima alitoa jogoo wake wa kienyeji akapewa wa kigeni. Damu ya majogoo hao ingali inazunguka vijijini. Baadaye kampuni ya Kenchic ikaleta Kenbro, kuku wa hudhurungi iliyokoza anayefaa kwa nyama na mayai. Kuroiler, aliyezalishwa na kampuni ya Keggfarms ya India katika miaka ya 1990, alifanyiwa majaribio nchini Uganda kuanzia karibu mwaka 2010, na kutoka huko akaingia magharibi mwa Kenya, ambako mpaka hauko mbali. Wapo pia Sasso wa asili ya Ufaransa na Rainbow Rooster wa asili ya India. Shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, lililorithi kazi za KARI kwa sheria ya mwaka 2013, lina kuku wake wa kienyeji walioboreshwa, waliozalishwa katika kituo chake cha Naivasha.

Mchukue kifaranga mmoja wa Kuroiler, mmoja wa Rainbow Rooster, mmoja wa KALRO na mmoja wa kienyeji halisi, uwatie katoni moja. Mwenye madoa, mweusi, mwenye mistari mgongoni, wa hudhurungi: rangi zote hizo hupatikana kwa wote. Anayekuambia kwamba amemtambua Kuroiler wa siku moja kwa rangi anakisia, au anauza. Ukuaji wake wa wiki nne au tano za kwanza utasema mengi zaidi, kwani Kuroiler huwapita wa kienyeji kwa uzito upesi sana.

Tofauti hii ina uzito kwa mfugaji. Kuku wa kienyeji hutaga takriban mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, lakini huatamia, huangua na huwalea wanawe pasipo umeme wala mashine. Kuroiler hutaga mara mbili au tatu ya idadi hiyo, lakini aghalabu hana haja ya kuatamia. Mama wa Bumula aliyenunua Kuroiler akitarajia wajizalishe wenyewe atangoja sana. Na hata akiwaangua kwa kuku mwingine, watoto hawatakuwa kama wazazi, kwa kuwa Kuroiler ni chotara na sifa zake hutawanyika katika kizazi kinachofuata.

Kuna alama chache, hata hivyo, ambazo huonekana mapema na hazidanganyi. Kuku wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, huonekana hivyo tangu siku ya kuanguliwa. Jeni yake ina nguvu, hivi kwamba mzazi mmoja tu akiwa nayo hutosha kuonyesha upara kwa watoto. Wenye kurithi upande mmoja hubakiwa na kishada cha manyoya mbele ya shingo, na wenye kurithi pande zote mbili huwa watupu zaidi. Kuku huyu huvumilia joto, na hana kasoro yoyote, ingawa wapo wanaomkataa sokoni kwa sura yake. Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyopinda kama yaliyopulizwa na upepo, hujidhihirisha wiki chache baadaye manyoya yanapoota. Mwenye kishungi kichwani ni kibwenzi, na asiye na mkia ni bukini. Haya ni majina ya sifa, na kuku mmoja anaweza kubeba mbili au tatu kwa pamoja.

Kuanzia wiki ya nne

Tuseme umekwisha kununua na hujui. Subira ndiyo iliyobaki, na macho.

Kati ya wiki ya nne na ya nane, undu wa pora, yaani kile kilemba cha nyama kichwani, huanza kukua na kuwa mwekundu, pamoja na vinyama vinavyoning'inia chini ya mdomo. Wa tembe hubaki mdogo na wenye rangi ya manjano au waridi hafifu hadi anapokaribia kutaga. Kosa la kawaida ni kulinganisha kuku wa ukoo tofauti. Wapo wa kienyeji wenye undu mdogo uliolala, na pora wao huweza kuonekana kama tembe wa ISA Brown. Linganisha ndugu kwa ndugu, walioanguliwa siku moja. Miguu nayo isaidie: ya pora huwa minene na mirefu zaidi, na husimama kifua kikiwa juu.

Alama ya kuaminika kuliko zote kwa mfugaji wa nyumbani huja karibu na wiki ya 12. Tazama manyoya ya shingoni, kisha ya kiunoni karibu na mkia. Ya pora ni membamba, yanayong'aa na yenye ncha. Ya tembe ni mapana na mviringo mwishoni, kama ncha ya kijiko. Baadaye mkia wa pora huota manyoya marefu yaliyopinda kama mundu. Kufikia hapo wengi wamekwisha kuanza kuwika kwa sauti ya kukwaruza.

Vipi, zile kucha za nyuma ya mguu, zisikupoteze. Huchelewa kuota, na mitetea wazee pia huzipata.

Hata kuwika si ushahidi kamili, ingawa ni nadra kukosea. Kuku jike ana kiungo kimoja tu cha kutengeneza mayai kinachofanya kazi, cha upande wa kushoto. Kikiharibiwa na maradhi, kile cha kulia kilicholala huweza kuamka na kutoa homoni za kiume, na kuku aliyekuwa akitaga akaota undu mkubwa na kuwika. Katika nyumba nyingi za huku kwetu kuku wa namna hiyo huhesabiwa kuwa nuksi na huchinjwa siku hiyo hiyo. Ni mgonjwa tu, maskini.

Kwa anayenunua leo, ushauri wangu ni mfupi. Uliza walikoanguliwa na tarehe ya kuanguliwa. Dai risiti iliyoandikwa aina, na iwapo umelipia majike, neno hilo nalo liandikwe. Uliza wamechanjwa dhidi ya nini; ugonjwa wa Newcastle huua zuri na baya bila kuuliza jinsia. Muuzaji asiyetaka kuandika lolote amekwisha kukujibu.

Na ukiwafikisha nyumbani, fanya kama alivyofanya shangazi. Alifunga uzi wa rangi mguuni kwa kila aliyemdhania kuwa tembe, akaulegeza kila wiki mbili mguu ulipokuwa ukinenepa. Wiki ya 12 aliwakamata wote jioni wakiwa wamelala, akapitisha kidole kwenye manyoya ya kiunoni, akatoa uzi kwa aliowakosea. Asubuhi iliyofuata hao walikuwa njiani kwenda Chwele.